Kabla ya Kupiga Makofi, Fungueni Rejista

Hotuba kwa makatibu wa vyama vya wanafunzi wa zamani wa shule za sekondari za Bukavu, imeandikwa upya kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wetu, mama zetu, maprefe wakuu wa shule mliotufungulia mlango, mapadri na masista, na ninyi makatibu ambao hamuonekani kwenye picha kwa sababu ninyi ndio mnaozipiga: jambo yenu sana.

Tumeombwa kuzungumza juu ya habari na mafanikio ya wanafunzi wa zamani. Tungeweza kusimama hapa tukasoma majina makubwa, waganga, maprofesa, mawakili, na ninyi mkapiga makofi. Orodha ya namna hiyo husomwa kila sherehe, na kesho yake hakuna anayeweza kusema fulani alimaliza mwaka gani, opsyo gani, yaani mchepuo gani, wala kama kweli alimaliza hapa au alipita tu miaka miwili akahamia Uvira. Kwa hiyo leo tutashughulika na kazi ya kabla ya makofi. Ni kazi ya karani, haina utamu, lakini bila hiyo hamna habari, mna uvumi uliovaa suti.

Tuanze na jina, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi huvunjikia. Mtoto aliyeingia sekondari 1968 aliandikwa kwa jina la ubatizo na jina la nyumbani. Mwaka 1972 siasa ya otantisite, ya kurudi kwenye uasilia, ikafuta majina ya ubatizo, na mtoto yule yule akamaliza masomo 1974 akiwa na majina ya kienyeji matupu, lile la pili likaitwa posnomu. Baada ya Aprili 1990, utawala wa chama kimoja ulipofikia mwisho, prenomu, yaani majina ya ubatizo, zikarudi. Leo kwenye WhatsApp mzee huyo anajiita kwa prenomu peke yake, na pengine si ile ya 1968, ni ile aliyoipata alipobatizwa upya katika kanisa lingine akiwa na miaka 40. Mtu mmoja, maandishi matatu. Katibu asiyelijua jambo hili ataandika watu watatu, au atamwambia mzee wa watu kwamba hayumo kwenye rejista, na mzee ataondoka na hasira yake pamoja na mchango wake.

Kisha kuna tahajia. Mashi, lugha ya Washi, ina sauti ambayo wengine huiandika kwa rh na wengine kwa r tupu, hivyo Murhula na Murula wanaweza kuwa mtu mmoja. Cirhuza ameandikwa na mwalimu mmoja kwa C, mwingine akaweka Ch, na karani aliyezoea maandishi ya Kasai akaanza na Tsh. Ukipanga majina kwa alfabeti, mtu huyo atakaa kwenye C na kwenye T, na katikati yao kuna nusu ya shule. Tena kuna akina Bahati, Furaha na Riziki, ambao darasa moja linaweza kuwa nao wanne, wavulana kwa wasichana.

Dawa ni kutokurekebisha rejista. Narudia, kwa sababu makatibu wapya hupenda usafi: msirekebishe rejista. Andikeni jina kama lilivyo pale, hata kama linaonekana lina kosa, kwenye safu yake. Safu ya pili iwe ya jina anavyoliandika mwenyewe leo. Ongezeni namba ya matrikule, yaani ya kuandikishwa shuleni, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa masomo wa mwisho aliofanya shuleni, na opsyo. Safu ya mwisho iseme habari hiyo mmeitoa wapi: rejista, buleti ya alama, diploma, au mdomo wa mwenzake. Mdomo wa mwenzake si aibu, lakini lazima usomeke kama mdomo, usivae koti la rejista. Akina Bahati wanne watatenganishwa na mwaka wa kuzaliwa na opsyo. Matrikule ikikosekana, hizo mbili zinatosha mara nyingi.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya mama zetu na dada zetu. Ukifungua orodha za mafanikio za shule zenye wavulana na wasichana, utadhani wasichana walikuja kufagia tu. Sababu moja ni kwamba habari zao hutufikia kwa jina lisilo kwenye rejista. Binti aliandikwa darasani kwa jina lake na la baba yake. Akaolewa, ofisini akajulikana kwa jina la mume, mtaani akawa Mama Fulani kwa jina la kifungua mimba. Anapoteuliwa kuongoza huduma nzima ya hospitali, katibu anasikia jina la mume, anatafuta, hakuti, anaacha. Basi swali la kwanza la fomu yenu lisiwe "jina lako ni nani" bali "darasani ulikuwa unaitwaje". Shule iliyobadilisha swali hilo moja inaweza kuongeza kurasa za wanawake bila kumtafuta mtu mpya hata mmoja.

Mwaka nao una mitego. Mwaka wetu wa masomo huanza Septemba na kuvuka mwaka mpya, kwa hiyo "promosyo ya 94", yaani kundi la waliomaliza pamoja, haina maana iliyo wazi: wapo wanaohesabu mwaka wa kuingia darasa la mwisho na wapo wanaohesabu mwaka wa mtihani. Andikeni 1993–1994, basi, ugomvi umekwisha. Na msiandike "alimaliza la sita" bila mwaka. Zamani mtoto alifanya miaka miwili ya siklo ya orientasyo, kisha akaendelea darasa la 3 hadi la 6. Sasa ile miaka miwili ya kwanza ni darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi, na humanite, yaani sekondari ya juu, huhesabiwa upya, 1 hadi 4. Wa sita wa zamani na wa nne wa leo wamekaa kwenye madawati yale yale. Vijana wanaojaza fomu za wazee wao hukosea hapo kila mara, kisha tunapata mzee wa miaka 60 ambaye, kwa karatasi zetu, aliacha masomo miaka miwili kabla ya kupata diploma yake.

Majina ya shule yamebadilika vilevile. Aliyesoma Collège Alfajiri zamani ana karatasi yenye muhuri wa Notre-Dame de la Victoire; mji wenyewe uliwahi kuitwa Costermansville; nchi ilikuwa Zaïre kuanzia 1971 hadi 1997. Andikeni jina lililo kwenye karatasi, halafu la leo baada ya mkato. Ofisi ya ugenini inapolinganisha jarida lenu na diploma ya mtu, jina lisilofanana linaweza kumchelewesha kazi kwa miezi.

Mkikuta pengo kwenye rejista karibu na Oktoba 1996 au Juni 2004, hamhitaji kuuliza sababu. Mji huu unakumbuka vita vile. Pengo linazibwa kutoka nje ya shule. Buleti zimelala kwenye masanduku ya mama zetu chini ya vitenge. Picha za darasa zina majina nyuma. Diploma zenyewe zipo, na palmaresi za mtihani wa Serikali, ambao ulianzishwa 1967, zina orodha ya waliofaulu kwa shule na kwa opsyo. Angalizo moja: palmaresi inaonyesha waliofaulu. Aliyesoma miaka sita akakosa mtihani hayumo, lakini ni mwanafunzi wa zamani kama wengine, na mara nyingi ndiye mwenye duka linalolipia chakula cha sherehe yenu.

Sasa tuingie kwenye habari zenyewe. Tuchukue habari inayojulikana na kila mtu hapa ili tuone jinsi inavyoharibika mikononi mwetu. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, 1955, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mjini hapa kila wa rika lake angependa kusema walikaa benchi moja, na hatuwalaumu. Lakini soma habari jinsi inavyoandikwa kwenye makundi yetu. Kosa la kwanza: wanaandika alipewa peke yake. Alishiriki na Nadia Murad, Myazidi wa Iraki. Kumwacha huyo mama ni kukata habari katikati. Kosa la pili ni tarehe. Tuzo ilitangazwa 5 Oktoba 2018 na kutolewa Oslo 10 Desemba mwaka huo, nao wanachanganya. Kosa la tatu, wanaibadilisha na Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya, ambayo ni ya 2014. Kosa la nne ni hospitali: Panzi ilianza 1999, na kabla ya hapo mganga huyo alikuwa amefanya kazi Lemera. Anayeandika kwamba alianza kazi Panzi anafuta Lemera nzima, pamoja na wagonjwa na wauguzi waliouawa pale Oktoba 1996.

Kama habari ya mtu anayejulikana ulimwenguni inapata makosa manne katika mistari mitatu, fikirini ya mwenzetu aliyepewa cheti cha mwalimu bora huko Kindu.

Juu ya tarehe kuna jambo dogo linaloumiza. Ukiandika 05/10/2018, mwenzetu wa Ubelgiji anasoma Oktoba, mwenzetu wa Marekani anasoma Mei. Wote wawili watalisambaza. Andikeni mwezi kwa herufi. Kwenye majina ya mafaili ya kompyuta fanyeni kinyume: mwaka kwanza, mwezi, siku, ili faili zijipange zenyewe kwa zamani na mpya.

Kila habari ya mafanikio ipite maswali haya kabla haijasomwa mbele ya watu. Nani alitoa heshima hiyo, na kwa tarehe gani. Ni ya mtu mmoja au ya kundi. Karatasi ipo wapi. Na mwenyewe amekubali itangazwe? Hili la mwisho linasahauliwa. Wapo wasiotaka vyeo vyao vijulikane mtaani, kwa sababu wanazozijua wao, na katika mji wetu sababu hizo hazihitaji kuelezwa kwa sauti. Uteuzi wa Serikali una amri yake, na amri huchapwa kwenye Journal officiel, gazeti rasmi la Serikali. Picha ya karatasi iliyozunguka kwenye simu si amri mpaka mmeona namba na sahihi, na hata sahihi siku hizi inatengenezwa kwa kompyuta ndani ya dakika kumi. Subirini siku mbili. Pongezi iliyochelewa siku mbili haijamdhuru mtu, lakini kumpongeza asiyeteuliwa ni kumfanya kichekesho, na yeye mwenyewe hakuomba.

Shahada ndizo zinazotusumbua zaidi. Neno "daktari" kwa Kiswahili linabeba wawili: aliyesomea uganga, na aliyetetea tezi, yaani tasnifu, ya udaktari hata kama ni ya historia. Mukwege huyo huyo ni daktari mara mbili, kwa uganga aliosomea Bujumbura, na kwa tezi aliyoitetea Chuo Kikuu Huria cha Bruxelles mwaka 2015. Kwa hiyo andikeni "mganga" au "daktari wa tiba" kwa wa kwanza, na kwa wa pili tajeni tezi: chuo, mwaka, somo. Udaktari wa heshima uandikwe kuwa ni wa heshima. Haupunguzi kitu, ila si tezi. "Profesa" nalo lina ngazi zake katika vyuo vyetu: asistanti, shefu wa kazi, profesa asosie, profesa, profesa ordineri. Asistanti ni mwalimu wa chuo mwenye heshima yake, lakini si profesa, na wenzake wa vyuo vikuu vya hapa Bukavu, UCB au UOB, wakisoma jarida lenu watacheka yeye, si ninyi.

Lisansi ndiyo mtego mpya kabisa. Katika mfumo wa zamani mtu alifanya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Katika mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora), lisansi ni miaka 3, na miaka 2 inayofuata ni masta. Kwa hiyo "amepata lisansi" ya 2005 na "amepata lisansi" ya kijana wa LMD si kitu kimoja, ingawa neno halijabadilika herufi hata moja. Msipoandika mwaka na mfumo, mzee ataonekana amesoma kidogo kuliko alivyosoma, au kijana ataonekana amesoma zaidi. Tena daraja la ufaulu liandikwe lote kama lilivyo kwenye cheti: satisfaksyo, distinksyo, grande distinksyo. Kuna ugonjwa wa kupandisha kila mtu ngazi moja kwa ajili ya sherehe. Chuo kina daftari lake na halisahau.

Mafanikio mengine ni ya shule yenyewe, na kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, mnatuletea asilimia. Asilimia ya nini? Tuseme darasa la mwisho lilianza Septemba na vijana 96. Walioandikishwa kwa mtihani ni 84. Waliokaa siku zote ni 80. Waliopata 50% na zaidi, yaani waliofaulu, ni 72. Ukigawa kwa 80 unapata 90%, na hiyo ndiyo namba inayopakwa rangi ukutani. Ukigawa kwa 84 ni karibu 86%. Ukigawa kwa wale 96 wa Septemba ni 75%. Namba zote tatu ni za kweli. Lakini kama vijana 12 walisukumwa nje kabla ya kuandikishwa ili namba ing'ae, basi tunaopiga makofi tumelipia rangi ya ukutani. Andikeni watu, si asilimia peke yake: walianza wangapi, waliandikishwa wangapi, walikaa wangapi, walifaulu wangapi. Na opsyo zitenganishwe. Pedagojia na Hesabu-Fizikia hazichanganywi kwenye chungu kimoja kisha tukasema shule imepanda.

Fedha. Hapa tutasema polepole, kwa sababu vyama vingi havifi kwa kukosa fedha, vinakufa kwa maelezo ya fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mnapotangaza kwamba wa ng'ambo wametuma kitu fulani kwa ajili ya minervali, yaani karo, ya watoto, kuna namba tatu tofauti: iliyotumwa, iliyofika, na iliyolipwa shuleni. Tuseme mtu ametuma dola 100. Kampuni ya kutuma imekata yake, wakala wa simu naye anakata anapokupa taslimu, zimebaki 95. Shule inapokea faranga, na kiwango cha siku ile kwa mbadilishaji si kile alichokiona mtumaji kwenye simu yake ugenini. Aliyetuma anahesabu 100, katibu anaandika 95, shule inatoa risiti ya faranga, na kila mmoja anamdhania mwenzake. Andikeni zote tatu mstari mmoja, na kiwango cha siku ile, na ambatisheni risiti ya shule au bordero ya benki. Hakuna maelezo mengine yatakayohitajika.

Dola za mkononi zina sheria zao ambazo wa ng'ambo hawazijui. Noti yenye mpasuko mdogo tu kwenye ukingo, au yenye wino wa kalamu, hapa inakataliwa, ingawa huko ilikotoka inapokelewa dukani bila neno. Mwenye kubeba mchango mfukoni aambiwe mapema aombe noti safi benkini, la sivyo mweka hazina atabaki na fedha anayoihesabu kila mwezi na hawezi kuitumia.

Msijaribu pia kulinganisha michango ya sasa na ile iliyo kwenye madaftari ya zamani. Zaire zilianza 1967, zaire mpya zikaja 1993 kwa kufuta milioni tatu kuwa moja, na faranga ya Kongo ikaja 1998, moja kwa zaire mpya laki moja. Anayesoma kwamba promosyo fulani ilitoa "mamilioni" 1992 asidhani walikuwa matajiri.

Jambo jingine la fedha: shule ya msingi, darasa la 1 hadi la 6, katika shule za Serikali ni bure tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019. Bado tunapokea michango yenye maneno "kwa minervali ya watoto wa msingi". Waandikieni wenzenu kwa upole kwamba mzigo uliobaki ni wa sekondari, na kwamba huko ndiko mtoto anakofukuzwa Februari kwa kukosa kulipa. Katika kutangaza, semeni watoto wangapi, madarasa gani, kiasi gani kwa kila mmoja. Majina yao yabaki kwenye kabati la prefe. Mtoto akisomwa jina mbele ya umati kwamba analipiwa, mwaka mzima anaitwa hivyo uwanjani.

Vitu vilivyotumwa navyo vinatangazwa vibaya. Kompyuta na mashine za maabara kutoka Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni 220. Kabla ya kuchomeka, geuzeni kifaa, someni kibandiko cha nyuma au cha chaja: kikisema 100–240, hakuna shida, tafuteni plagi tu, kikisema 120 peke yake, kinahitaji transfoma inayobeba wati zake na ziada kidogo, la sivyo kinaungua siku ya uzinduzi mbele ya wageni. Na hata kikiokoka hapo, umeme wa Ruzizi ukikatika na kurudi ghafla huja na kishindo. Kidhibiti cha volti kinunuliwe pamoja na kompyuta, kiingie kwenye bajeti ile ile. Mabati: mnapoandika "tumeezeka madarasa", tajeni namba ya bati. Namba 32 ni jembamba kuliko 28. Namba inapopanda, bati linapungua unene. Wengi wanafikiri kinyume, na fundi mjanja anawaacha wafikiri hivyo. Habari kamili inasema mabati mangapi, namba gani, misumari ya kofia au ya kawaida, na nani amebaki na funguo za stoo.

Na hizi karatasi zote mtazitunza wapi? Bukavu ni mji wa mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na unyevu wa ziwa hauheshimu kabati. Piga picha rejista kwa simu, karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu kwa sababu inaacha doa jeupe katikati ya majina. Weka kitabu wazi chini, simu juu yake sambamba na ukurasa, mtu wa pili ashike kingo kwa vidole bila kufunika maandishi. Piga kila ukurasa mara mbili. Kisha, na hapa ndipo kazi ya siku nzima hupotea, usiitume kama picha kwenye WhatsApp. Inabanwa, na wino wa 1970 uliofifia unakuwa ukungu. Itume kama dokumenti. Jina la faili liwe mwaka, opsyo, ukurasa. Nakala tatu: kompyuta ya shule, diski ya nje kwa mtu mwingine mtaa mwingine, na moja kwenye intaneti. Flash moja kwenye mfuko wa katibu si hifadhi, ni ajali inayosubiri basi la Kadutu.

Tumeacha misiba mwisho kwa makusudi. Habari ya kifo haitangazwi na chama kabla ya familia. Mmoja wa familia, kwa jina lake, athibitishe. Wa pili athibitishe kwa njia nyingine, kwa simu na si kwa ujumbe uliosambazwa. Kumbukeni wale akina Bahati wanne: imetokea mtu kusoma tanzia yake mwenyewe kwa sababu waliotangaza hawakuweka mwaka wala opsyo. Andikeni jina la darasani, jina la leo, miaka ya shuleni, mahali pa kilio, na kama familia imeomba mchango, namba ya mtu wa familia waliyemteua wao. Msitoe sababu ya kifo. Kama mnataka kusema alichokifanya, kitafuteni kwenye fomu aliyojaza akiwa hai. Ndiyo faida ya kuwa na fomu.

Tunamalizia na mgawanyo wa kazi. Kila katibu achague mwaka mmoja wa rejista, mmoja tu, aupige picha kama tulivyosema, alete faili mwisho wa mwezi. Wenye vitabu vya kabla ya 1972 waanze, maana karatasi zao ndizo zinazovunjika, na waliomo ndio wanaotuaga. Fomu mpya, yenye lile swali la darasani, iko mezani karibu na mlango. Chukueni nakala kumi kumi, na za mama zetu mzijaze nao kwa mdomo msingoje waandike. Mwenye transfoma iliyobaki kutoka maabara ya zamani aonane na mweka hazina kabla ya kutoka. Na kalamu mlizoazimwa mlangoni ni za sekretarieti ya shule, tafadhali mzirudishe.